Kutoka Bombo hadi Kaabong kwa Boxer

Binti wa dada yangu amenunua pikipiki, Boxer 150, na mwezi wa kwanza anataka tuongozane hadi Kaabong, kaskazini mashariki mwa Uganda. Nimekaa naye jikoni kwa mama yake jioni tatu nikimweleza, na kila jioni namkuta amesahau nusu ya mambo ya jana. Basi nimeandika. Mwingine yeyote mwenye pikipiki ndogo na safari ya kaskazini mbele yake, achukue humu linalomfaa.

Mimi ni fundi wa friji za sola, zile za kuhifadhia chanjo kwenye vituo vya afya. Tangu 2009 nimezifuata katika maeneo ya Acholi na Karamoja, mwanzo kwa Yamaha AG100 ya mradi, siku hizi kwa Boxer yangu mwenyewe. Njia yangu ni duara: Bombo, Gulu, Kitgum, Orom, Karenga, Kaabong, kisha narudi kwa Kotido, Moroto, Soroti na Mbale. Kila tairi niliyoiharibu na kila usiku niliolala nisipopapanga vimenifundisha kitu, na mafunzo hayo ndiyo ninayoyaandika hapa.

Mwezi gani?

Mtu akiniuliza Kaabong ni mbali kiasi gani, nami humuuliza: mwezi gani? Mwezi wa pili, nikitoka Karenga asubuhi nafika Kaabong mchana wangu ukiwa bado mzima. Mwezi wa nane, njia hiyohiyo imewahi kunila siku mbili.

Huku kwetu Bombo mvua huja mara mbili kwa mwaka, na katikati tunapata nafasi ya kuanika nguo. Kaskazini ni msimu mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba, unaolegea kidogo katikati halafu unarudi. Mimi huchagua kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Februari. Vumbi ni jingi, jua ni kali, na nyasi zinachomwa hadi moshi unakatiza barabara, lakini udongo umekauka, na udongo mkavu ndio unaokupitisha. Mwezi wa tatu joto linazidi na mvua za kwanza zinaweza kukuwahi. Mwenye kazi isiyosubiri aende hata Agosti, ila asipange siku ya kurudi.

Kabla ya kuondoka piga simu kwa watu walioko mbele yako barabarani. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, wengi walipata habari wakiwa tayari njiani. Mimi nilikuwa nimempigia dereva mmoja wa lori siku mbili kabla, nikapita Masindi Port na kuvuka Nile kwa kivuko hadi upande wa Apac. Kwa simu ile moja sikupoteza hata nusu siku.

Kuandaa pikipiki

Huhitaji pikipiki kubwa ya watalii. Boxer ina faida moja ambayo hakuna pikipiki ya gharama inayoifikia: kila kituo cha biashara, hata chenye maduka manne, kina mtu anayeijua kwa vidole. Waya wa klachi, plagi, cheni, vyote utavipata Kotido. Cha kubadili ni tairi. Zile inazokuja nazo ni za lami. Nyuma weka tairi yenye meno, na mbele isiwe imelika.

Tyubu ya akiba nabeba moja tu, ya nyuma, saizi 3.00-17. Ya nyuma ukibanwa utaivalisha hata tairi ya mbele ikufikishe mjini. Ya mbele kuipeleka nyuma chini ya mzigo itakuaibisha. Pamoja nayo nabeba viraka na gundi mpya (gundi iliyofunguliwa mwaka jana imekwisha kuwa jiwe), vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ya mkono, spana ya ekseli za magurudumu yote mawili, bisibisi, plaisi, waya mwembamba, plagi, waya wa klachi, kiungo cha cheni, na kipande cha chuma bapa cha urefu wa kiganja. Hicho chuma nitakieleza mbele. Usiondoke kama hujawahi kutoa tairi ya nyuma na kuirudisha kwa mikono yako mwenyewe. Nilimtoza binti wa dada yangu zoezi hilo mara mbili uani, na mara ya pili akamaliza kwa dakika arobaini. Inatosha.

Badilisha oili kabla ya safari. Safisha chujio la hewa, na ulisafishe tena kila jioni ukishaingia barabara ya murram (ya changarawe, isiyo na lami), maana injini inayovuta vumbi hula petroli na hukosa nguvu mlimani. Cheni iachie icheze sentimita mbili na nusu hadi tatu, uipime mzigo ukiwa umeshafungwa, kwa sababu mzigo ukikaa cheni inakaza. Kuipaka oili nyingi kwa ajili ya vumbi ni kosa ninaloliona kila mara: oili nyingi hushika mchanga, na mchanga wenye oili unakuwa msasa. Paka kidogo usiku, ifute asubuhi.

Kisha chukua rangi ya kucha. Kwenye kila nati muhimu, ya ekseli, ya keria, ya injini, ya kishikio, chora mstari mmoja unaotoka kwenye nati na kuingia kwenye chuma kilicho chini yake. Murram ya Karamoja imejikunja kama bati, na kwa saa tatu pikipiki inatetemeka mwili mzima hadi nati zinafunguka zenyewe. Jioni unapita na tochi: mstari uliokatika unakuambia nati gani imetembea. Dakika mbili, na hakuna spana ya kubahatisha.

Mzigo ufungwe pande mbili, chini, kama unavyofungwa kwa punda. Sanduku moja refu nyuma ya mgongo linapendeza hapa kwenye lami ya Bombo, lakini mchangani litakuangusha, kwani uzito ulio juu ukishaanza kuyumba hauuzuii kwa mikono.

Karatasi hazina maneno mengi: leseni yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki, bima, kitambulisho. Beba nakala kwenye mfuko wa pili. Kofia ngumu vaa hata pale ambapo hakuna aliyeivaa.

Siku ya lami

Bombo hadi Gulu ni kama kilomita 300, lami tupu, na hiyo ndiyo siku ninayoiogopa kuliko zote. Hapo ndipo yalipo mabasi ya usiku yanayorudi asubuhi na madereva wenye macho mekundu, na malori yanayokwenda Elegu mpakani na Sudan Kusini. Nikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza nikiwa nimeingia barabarani, si kabla. Mwendo wangu ni kilomita 60 kwa saa, 70 barabara ikiwa tupu.

Basi linalokuja mbele yako likitoka kulipita lori, halitarudi kwa ajili yako. Dereva ameshakuhesabu: wewe ni pikipiki, utashuka. Basi shuka mapema. Toka kwenye lami kwa gia, si kwa breki ya mbele, na uangalie ukingo, maana mahali pengine lami imeinuka juu ya bega la barabara kwa shubiri nzima. Ukishuka ukiwa umenyoosha usukani unabaki juu ya magurudumu. Ukishuka kwa kukata kona unaanguka. Na lori likishakupita, shika imara, kwani upepo wake unakusukuma kwanza halafu unakuvuta.

Napumzika Migyera, kisha Kigumba, hata kama sijachoka. Baada ya Kafu barabara inanyooka na kichwa kinaanza kulala kabla ya macho. Chai, chapati, dakika ishirini. Karuma usisimame darajani wala usitoe simu kupiga picha. Wapo askari, na wana haki ya kukuuliza. Nyani wa kando ya barabara usiwape ndizi. Wamezoea kupewa na abiria, na wanaikimbilia pikipiki kwa sababu haina dirisha. Baada ya hapo unapita Kamdini, unaacha njia ya Lira kulia, na Gulu unaingia alasiri. Lala. Kitgum ni kilomita 100 na ushee tu za lami nzuri, lakini usizitafute siku hiyo.

Mchanga

Kutoka Kitgum kwenda Orom na Karenga ndipo mikono inapofundishwa upya. Mito ya huko kwa kiangazi ni mchanga mtupu, mweupe, na barabara inakatiza katikati yake. Ukiingia kwa hofu, ukafunga petroli, gurudumu la mbele linazama na kujipinda, nawe unapita juu ya usukani.

Simama kabla ya mchanga, uutembee kwa miguu kwanza. Punguza upepo wa tairi. Mimi naendesha na pauni 25 mbele na 30 nyuma nikiwa lami. Mchangani nashuka hadi 18 au 20. Usishuke zaidi ya hapo kwa tairi zetu hizi nyembamba zenye tyubu. Upepo ukipungua mno, tairi inateleza kwenye ringi, inaivuta tyubu, na valvu inang'oka shingoni. Tyubu iliyong'oka valvu hakuna kiraka kitakachoiponya.

Halafu ingia na gia ya pili, petroli isiyobadilika, makalio yarudi nyuma kidogo, macho yatazame ukingo wa ng'ambo. Usitazame gurudumu. Pikipiki itacheza kama nyoka chini yako. Iache icheze, mikono isishindane nayo. Breki ya mbele isahau kabisa. Ukikwama usiendelee kuzungusha gurudumu, unachimba kaburi lake. Zima, shuka, ilaze pikipiki ubavuni, jaza shimo kwa mchanga na vijiti, iinue, kisha tembea kando yake huku ukiipa gesi kidogo.

Jambo la mto mkavu nalisisitiza kwa herufi kubwa moyoni: usipumzike wala kula ndani yake, hata chini ya mti mzuri ulio katikati. Mvua ikinyesha mlimani, wewe huku una anga la bluu, maji yanakuja yote kwa pamoja. Nimesimama ukingoni nikaona mto uliokuwa vumbi saa sita ukibeba gogo la mti saa saba. Ukikuta maji yanapita kwa kasi na ni ya rangi ya chai ya maziwa, subiri. Weka kijiti kwenye ukingo wa maji uone yanapanda au yanashuka. Mara nyingi ndani ya saa chache yanashuka, na wenyeji wataanza kuvuka kabla yako. Vuka baada yao.

Udongo mweusi

Huu ndio uliokula siku zangu. Sehemu kubwa ya Karamoja ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Ukipata mvua ya nusu saa unavimba na kuwa gundi. Haukuzamishi kama tope la kawaida. Unashika tairi, unajazana kati ya tairi na madigadi tabaka juu ya tabaka, hadi gurudumu linakataa kuzunguka.

Mwaka 2016, kati ya Kotido na Kaabong, nilijaribu kuulazimisha. Wingu lilikuwa limeshapita, nikasema ni kilomita tatu tu hadi kwenye changarawe. Nilipiga gesi na klachi, gesi na klachi, hadi nikasikia harufu ya klachi inayoungua, na pikipiki ikabaki inanguruma bila kwenda. Wavulana wachungaji walinisaidia kuisukuma, jua likazama tukiwa bado hatujafika, na usiku nikalala kwenye boma lao nikiwa mgeni asiye na kitu cha kutoa. Mama mmoja alinipa maziwa kwenye kibuyu. Nilipowarudia mwaka uliofuata nilipeleka chumvi na sukari.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiona udongo umekuwa mweusi na wingu liko mbele, simama pale penye changarawe au mwinuko, usiusogelee. Mvua ikikukuta katikati, toa madigadi ya mbele mara moja kabla haijajaa. Ni nati chache. Kile kipande cha chuma bapa ndicho cha kukwangulia. Ondoka kwenye nyayo za magari, pita penye nyasi, mizizi ya nyasi inashikilia. Na kama gurudumu limegoma, kaa chini. Jua likiwaka kwa muda wa saa tatu au nne linakausha ngozi ya juu kiasi cha kubeba pikipiki. Saa nne za kukaa chini ya mti zina gharama ndogo kuliko klachi na usiku wa njiani.

Petroli na maji

Tangi la Boxer 150 linabeba lita 11 hivi. Kwenye lami pikipiki yangu hunipa kilomita 40 kwa lita, na kwa hesabu ya karatasi ningefika Kaabong kutoka Kitgum na kurudi. Mchangani na mzigo hesabu hiyo inashuka hadi 30 au chini. Jaza Gulu, jaza Kitgum, na beba lita tano kwenye kidumu kigumu kilichofungwa mbali na injini. Vituo vya kweli utavikuta tena Kaabong, Kotido na Moroto. Katikati ni petroli ya chupa. Hiyo usiikatae, ila ichunguze: iache chupa itulie dakika chache, uiinue juani. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari. Hata ikiwa safi, ichuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili.

Maji ya kunywa lita tano, na usifike kwenye lita ya mwisho. Kwenye kisima cha pampu simama kwenye foleni na ndoo za akina mama, hata wakikuita upite. Pampu wasaidie kupiga.

Watu wa njiani

Kiswahili kitakufikisha kwa askari na polisi popote kaskazini, na Karamoja wapo wengi wanaokijua kwa sababu ya jeshi na ujirani na Kenya. Lakini jifunze salamu za mahali. Kwa Waacholi, "Kop ango?" na jibu ni "Kop pe". Kwa Wakaramojong, "Ejok", na shukrani ni "Alakara". Toa kofia ngumu kabla ya kusalimia. Mtu hasalimii chombo, anasalimia uso.

Ng'ombe wakivuka barabara zima injini. Usipige honi. Ng'ombe hao ndio akiba, mahari na heshima ya mwenye nao, na mchungaji aliyeona umezima injini atakuonyesha njia hata kama hukuuliza.

Usalama wa Karamoja hubadilika kwa wiki, kwa sababu ya wizi wa mifugo. Kila asubuhi nauliza mara mbili: kwa askari walio karibu, na kwa vijana wa boda boda kwenye steji. Wakisema kitu kimoja, naenda. Wakitofautiana, nakunywa chai nasubiri. Wakisema leo usipite, sipiti, hata friji ikiwa imezima. Na saa kumi na moja jioni, popote nilipo, natafuta pa kulala.

Kwa wanawake wenzangu: vaa suruali nzito, na leso iwe juu ya mzigo, si ndani. Utaihitaji kichakani, utaihitaji kwa vumbi, na utajifunga kiunoni unapoingia kwenye boma la watu. Malazi nayatafuta kwanza kwenye nyumba za wageni za misheni, kisha kwenye nyumba za kulala zisizo na baa. Pikipiki ninaiomba ilale ndani ya geti, na sijawahi kunyimwa. Karibu na Karenga, jirani na mbuga ya Kidepo, nguo nyeusi na za bluu ziache, maana mbung'o wanazifuata. Mbugani kwenyewe usipange kuzunguka na pikipiki, kodi gari.

Ukiumia

Jua hospitali zilipo kabla hujaumia. Gulu ipo Lacor. Kitgum ipo ya serikali na ya St. Joseph. Kalongo, Agago, ipo ya misheni iliyosaidia watu miaka mingi. Kaabong ipo ya wilaya, Moroto ya rufaa, na Matany, wilaya ya Napak, ipo St. Kizito. Kundi la damu na namba ya mtu wako viandike kwenye karatasi ndani ya kofia ngumu. Kila kituo tuma ujumbe mfupi nyumbani: "Nimefika Orom, naenda Karenga." Ujumbe hupita mahali ambapo simu ya sauti inakatika, na kama hukufika, wanajua waanzie wapi kukutafuta.

Kurudi

Kutoka Kaabong hadi Kotido, na Kotido hadi Moroto, ni murram ile ile yenye mikunjo ya bati, na mlima Moroto unauona mbele yako saa nzima kabla hujaufikia. Mjini utakutana na lami inayokwenda hadi Soroti, kama kilomita 170. Utatamani kuifungulia. Simama kwanza. Tairi zako bado zina upepo wa mchangani, na kwa mwendo wa lami zitachemka na kuyumba. Rudisha upepo wa lami: kwa pampu yangu ni mapigo kama sitini nyuma, arobaini mbele. Pitia mistari ya rangi ya kucha, kaza iliyotembea, rudisha madigadi kama uliitoa, kisha utume ujumbe nyumbani kwamba umeingia lami.